Baiti Mia Moja na Arobaini kutoka Beni

Kabla sijaanza, wewe unayenisoma, nipe sikio lako kana kwamba tumekaa wawili kwenye benchi na chai haijapoa. Nitakueleza jambo la mashine, lakini usiogope. Nikifika mahali pagumu nitasimama, nitarudi nyuma hatua moja, na tutapapita pamoja. Nimewafundisha watu wengi jambo hili, vijana na wazee, na sijaona aliyeshindwa kulielewa alipopewa muda.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Kavugho huko Beni. Baada ya mazishi tuliketi katika sebule yake, ile yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, na wanawake wa kanisa lake wakatuletea bugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, na makayabo, samaki wetu wa chumvi. Kando yangu aliketi Masika, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka mingi. Siku hizi ni bibi mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Alimega tonge, akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninawakumbuka Célestin na Désiré. Nikacheka mahali pa msiba, tena kwa nguvu, hadi mama mmoja akanigeukia. Ndipo watoto wa marehemu wakataka kujua Célestin na Désiré ni akina nani, na sisi wawili tukawaeleza vibaya, kila mmoja akimkatiza mwenzake, mpaka chakula kikapoa. Tangu siku ile nimeona ni vizuri kueleza tena, safari hii kwa utaratibu, kwa sababu mama yule alinifundisha katika mwaka mmoja mambo ambayo nimeishi kwayo hadi leo.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikifanya kazi katika ghala la dawa mjini Butembo, nyumba ndefu ya matofali ambayo zamani ilikuwa ghala la kahawa. Ukiingia ulikutana kwanza na chumba kikubwa cha rafu, chenye harufu ya kartoni na ya sabuni ya sakafu. Nyuma yake kulikuwa na kichumba kisicho na dirisha, kilichokuwa stoo ya chumvi, na humo ndimo tulimoweka mashine, kompyuta yetu, kwa sababu palikuwa pakavu. Ng'ambo ya ua kulikuwa na chumba cha phonie, redio yetu ya kuitana na vituo vya afya, na mwendeshaji wake Papa Paluku, mtu wa makamo aliyevaa koti la sufu hata wakati wa jua. Simu za mkononi zilikuwa hazijaenea kama leo. Mchana tulikula kwenye ngazi za chumba hicho cha phonie, maharagwe na viazi vya Lubero, huku mlango ukiwa wazi na sauti za nchi nzima zikitoka ndani: muuguzi anaomba mabomba ya sindano, padri anauliza kama barabara imepitika, mtu anamtangazia kaka yake kwamba amepata mtoto wa kike. Hakuna siri kwenye phonie. Unaloiambia Beni, Lubero na Mutwanga wamelisikia pia, na watu walilijua hilo, wakasalimiana na wasiohusika katikati ya mazungumzo ya wengine.

Mashine ile ilishika daftari la wagonjwa wa kifua kikuu. Ugonjwa huu unataka dawa kila siku kwa miezi mingi, na mgonjwa akikatiza katikati, unaweza kurudi ukiwa mkali, na dawa zile zile zisiufae tena. Na watu wetu walikuwa wakihama. Aliyeanza dawa Vuhovi alikuwa baada ya miezi miwili kwa shangazi yake Lubero, kisha Mutwanga, analima shamba la mtu. Kadi yake ya karatasi ilibaki alikotoka, au ilipotea njiani. Wauguzi walituambia kwa phonie nani amefika kwao, naye Masika, karani wetu, akayaandika yote kwenye mashine. Kwetu majina hujirudia, kila nyumba ina Paluku wake na Kambale wake, kwa hiyo alimpa kila mgonjwa namba, na namba ile ilimfuata popote alipokwenda. Kila mwisho wa mwezi mashine ilitoa orodha, sisi tukafunga vifurushi vyenye majina, na pickup ikaondoka Ijumaa asubuhi. Hapakuwa na karatasi nyingine yoyote iliyojua watu wale wote walikuwa wapi. Masika ndiye aliyejenga daftari hilo kwa miezi kumi na mmoja, jina kwa jina, na vidole vyake havikukosea.

Aliyeiweka mashine yenyewe ni Mama Kavugho. Alikuwa akifanya kazi Beni, na mara mbili katika mwaka alikuja kwetu na mfuko wa ngozi na daftari la shule lenye mistari. Mashine ilitumia Linux, ambayo ni ya ukoo wa Unix, na wakati ule mjini hatukuwa na nyingine ya namna hiyo. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye kreti na kuniuliza kama nyumbani tunasagisha muhogo wapi. Nikamwambia, kwenye moulin, mashine ya kusagia unga ya mtaa. Akaniuliza kama jirani zetu nao wanakwenda hapo hapo. Nikasema ndiyo. Basi, akasema, hivyo ndivyo programu nyingi za mashine hii zinavyoishi.

Nikuelezee kama alivyonielezea. Ndani ya mashine kuna programu ndogo ndogo za lazima: moja inakuonyesha mafaili, moja inanakili, moja inahamisha, moja inafuta. Kazi zao nyingi zinafanana. Zote zinahitaji kufungua faili, kusoma, kuandika kwenye skrini. Badala ya kila moja kubeba ujuzi huo tumboni mwake, ujuzi umewekwa mahali pamoja, katika faili kubwa linaloitwa maktaba, na kila programu inapoamka inakwenda kuazima hapo. Hiyo ndiyo moulin ya mtaa. Faida yake ni kubwa. Programu zinakuwa nyembamba, diski haijai, kumbukumbu ya mashine inatumika vizuri, na kosa likigunduliwa unatengeneza maktaba moja na programu zote zinapona siku hiyo hiyo. Mama Kavugho aliusifu mpango huo kama mtu anayesifu daraja zuri. Kisha akaniambia kuna namna ya pili. Programu inaweza kuundwa ikiwa imebeba kila kitu chake ndani, bila kuazima popote, na hiyo huitwa statique. Ni kama mwanamke anayesafiri na kinu chake na mchi wake kichwani. Ni mzito na anachoka, na kinu chake kikipasuka hakuna atakayemtengenezea. Lakini siku moulin imefungwa, nyumbani kwake watakula. Kwa hiyo alikuwa ameweka pembeni mwa diski sanduku dogo la programu chache za lazima za namna hii ya pili, akaliita akiba. Hatukuligusa hata siku moja. Lilikaa tu.

Sasa lazima nikueleze sheria mbili za ghala, maana bila hizo kosa langu halieleweki. Sheria ya kwanza: dawa moja haikai mahali pawili. Ukikuta vidonge vile vile kwenye rafu mbili, unaondoa upande mmoja, kwa sababu mahali pawili ndipo hesabu inapopotea. Sheria ya pili: kartoni la zamani litoke rafuni kwanza, ndipo la mupya, kama tunavyosema, liingie, yasikae yote mawili hata dakika moja, mtu asije akachanganya. Sheria hizi zilikuwa zimeandikwa kwa rangi nyekundu ukutani, na mimi nilizishika kama sala. Mtu akiniamsha usingizini ningeweza kumtajia.

Alhamisi moja, siku moja kabla ya pickup kuondoka, niliamua kumfanyia Masika jambo jema. Programu yetu ya kuchapisha ilikuwa inakata majina marefu, naye alikuwa akiyamalizia kwa kalamu, ukurasa baada ya ukurasa. Tulikuwa tumeletewa mpya kutoka Kampala, lakini ilikataa kuanza. Ilitaka maktaba mpya kuliko ile tuliyokuwa nayo. Maktaba mpya ilikuja pamoja nayo. Nikaona kazi ni ndogo, wala sikumwita Mama Kavugho, kwa sababu nilitaka akija safari ijayo akute nimeshafanya mwenyewe. Diski ilikuwa imejaa. Nikatafuta cha kuondoa, nikaifikia akiba, nikakuta humo programu zenye majina yale yale ya zile tunazotumia kila siku, ila kila moja nzito mara kumi. Kitu kimoja mahali pawili. Nikafuta sanduku zima nikiwa na furaha ya mtu aliyefagia. Kisha nikaja kwenye maktaba. Nikaitoa ya zamani rafuni kwanza, yaani nikaibadilisha jina ili niipishe mpya. Amri ilikubali. Nikaandika amri ya pili, ya kuingiza mpya. Mashine ikajibu kwamba programu ya kuhamisha haikuiona maktaba.

Nadhani umeshaona. Programu ya kuhamisha nayo ilikuwa ikiazima hapo hapo. Nikajaribu ya kunakili, jibu lile lile. Ya kuonyesha mafaili, jibu lile lile. Hata amri ya kuizima mashine kwa heshima ilikataa. Masika alijaribu kuingia kwa jina lake kwenye skrini ya pili, mlango ukamfukuza. Kitu kimoja tu kilikuwa hai, lile dirisha la kuandikia amri nililokuwa nimelifungua kwenye skrini asubuhi, kwa sababu lilikuwa limeshaazima kabla sijaondoa, kama mtu aliyekula kabla jiko halijafungwa na bado ana nguvu ya kutembea. Masika aliangalia skrini, akaniangalia mimi, akaniuliza orodha ya kesho iko wapi. Nikamwambia iko ndani, haijafutika, ila hatuna mkono wa kuitoa. Hakunigombeza. Alikwenda akafunga mlango wa kichumba ili mtu asiingie kugusa kitu, kisha akavuka ua kwenda kwa Papa Paluku.

Papa Paluku aliita Beni mara tatu. Mama Kavugho alipofika kwenye redio ya upande wake alisalimia kwanza kwa Kinande, lugha yetu, bila haraka, halafu akaniomba niseme, kwa Kiswahili cha kwetu ambacho kutosha ni kutoa.

"Kasereka, eleza pole pole. Ulitosha nini, na ulitia nini?"

"Nilitosha maktaba ya zamani kwanza, Mama. Ya mupya haikuingia."

"Na ile akiba yangu?"

Nilikishika vizuri kidude cha kusemea. Nilijua Lubero wanasikia, Mutwanga wanasikia, na kila parokia yenye antena inasikia.

"Nilifuta, Mama. Ilikuwa inakula nafasi."

Phonie ilifanya mvumo wake. Sauti moja ya mbali, nadhani ya Lubero, ilisema "aïe", basi.

"Bon," alisema Mama Kavugho, na naapa sauti yake haikubadilika. "Ile fenêtre moja iko wazi bado? Basi hapana zima machine. Hapana kugusa clavier. Groupe yenu iko na essence ya kufika saa ngapi?"

Nilimjibu kwamba fenêtre, lile dirisha, bado iko wazi, na kwamba sitagusa clavier, yaani kibodi; Papa Paluku akasema essence, petroli yetu, itafika saa tisa za mchana. Groupe ile, jenereta letu dogo, ilipaswa kuzimwa kabla ya kutiwa essence, na betri za kushikilia umeme zilikuwa zimekufa zamani. Ikizimwa, mashine ingezimika, dirisha lile moja lingefungwa, na isingeweza kuamka tena, kwa kuwa hata kuamka kunahitaji kuazima. Tundu la disketi, ambalo lingeweza kuiamsha kwa njia nyingine, lilikuwa limekufa kwa vumbi. Ingebidi diski ing'olewe ipelekwe Kampala, wiki tatu ukibahatika. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Mama Kavugho aliomba apewe saa mbili.

Saa mbili zile nimezikumbuka mara nyingi kuliko sikukuu nilizosherehekea. Tuliketi kwenye ngazi na sufuria la viazi katikati yetu, na hakuna aliyekula. Muuguzi wa Mutwanga alikuja hewani, mtu wa kanisa la Kiprotestanti ambaye sauti yake niliijua na uso sikuujua, akasema ana wagonjwa tisa waliomfikia kutoka sehemu mbalimbali, na kwamba wawili wamebakiza vidonge vya siku tatu. Hakusema kwa kulaumu. Aliniambia tu, kama vile unavyomwambia mtu anayebeba mzigo wako kwamba mzigo ni wa nani. Papa Paluku alimwahidi tutamjibu kabla ya jioni, kisha akazima kipaza sauti na kuniambia, bila kunitazama, kwamba hata yeye aliwahi kuunguza redio nzima kwa kuigeuzia waya, na kwamba padri alimpa nyingine.

Saa saba kasoro robo Mama Kavugho alirudi. Alieleza kwanza, na hivi ndivyo alivyokuwa: hata groupe ikinywa essence yake ya mwisho, alitaka tuelewe tunachokifanya. Alisema dirisha letu lina ujuzi mmoja ndani yake ambao hauazimi, wa kuandika baiti yoyote ndani ya faili. Baiti ni kipande kidogo kabisa cha maandishi ya mashine, na programu yoyote si kitu kingine ila baiti zilizopangwa. Kwa hiyo, kama hatuna programu ya kuirudishia maktaba jina lake, tutaiandika kwa mkono. Alikuwa ameitengeneza kwenye mashine yake, ameijaribu mara tatu, ameikata kata mpaka imebaki na lazima tu. Haikuazima kwa yeyote. Ilikuwa statique hadi kwenye mifupa, na nzima yake ilikuwa baiti mia moja na arobaini. Faili jipya lisingekuwa na ruhusa ya kuendeshwa, na amri ya kutoa ruhusa nayo ilikuwa ya kuazima, basi tungezimimina baiti hizo juu ya programu ambayo tayari ina ruhusa. Alichagua moja ndogo iitwayo false, ambayo kazi yake yote ni kujibu hapana. Ile hata tukiipoteza, alisema, hakuna atakayelia.

Kila baiti huandikwa kwa alama mbili, tarakimu au herufi kuanzia A hadi F, na waendeshaji wa phonie wanajua jinsi B na D zinavyofanana hewani. Wao huita herufi kwa majina ya watu: Anatole, Berthe, Célestin, Désiré, Eugène, François. Mistari kumi, kila mmoja baiti kumi na nne. Mchana hewa ya Beni ilikuwa dhaifu, ikakatika katikati ya mstari wa kwanza. Ndipo muuguzi wa Mutwanga, ambaye kule juu alitusikia wote wawili vizuri, akajitolea kurudia kila neno. Basi ikawa hivi: Mama Kavugho anasoma, Mutwanga anarudia, Papa Paluku anarudia tena kwa sauti, mimi naandika nyuma ya kadi za zamani, Masika anachukua kadi anavuka ua, nami namfuata. Mwanzoni nilikuwa nimesogea kwenye kiti cha mashine, lakini Masika aliniondoa.

"Toka hapo, kaka. Hii clavier ni kazi yangu."

Mistari sita ya kwanza, Mama Kavugho alitueleza, ni kama cheti. Inaiambia mashine tu kwamba hii ni programu, ni ndefu kiasi hiki, ianzie hapa. Kazi yenyewe inaanza mstari wa saba. Mistari ile sita ilipita. Kila mmoja uliposomwa, Masika aliuandika bila kubonyeza Entrée, kitufe cha kuituma amri, akanisomea kutoka kwenye skrini, nikakimbia nikamsomea Papa Paluku, naye akausoma hewani, na Beni ikisema bien reçu, imepokelewa vizuri, ndipo narudi mbio kumwambia abonyeze. Katika mstari wa saba, Masika aliniita kabla sijafika mlangoni. Alikuwa amehesabu.

"Hii iko kumi na tatu. Umekula moja."

Nilikuwa nimeruka baiti moja kati ya baiti tatu za sifuri zilizofuatana. Kama angebonyeza, programu nzima ingekaa upande, na hatukuwa na chombo chochote cha kuangalia ndani ya faili. Mstari ukasomwa tena, nikauandika upya nikiwa nimepiga magoti sakafuni.

Mstari wa nane ulikuwa na Célestin Désiré, huit zéro, yaani CD na 80. Hizo ndizo baiti mbili ambazo programu inatumia kugonga mlango wa kiini cha mashine moja kwa moja na kusema, nifanyie jambo hili, bila kupitia maktaba. Mama Kavugho alizisoma, Mutwanga akarudia, Papa Paluku akarudia. Baiti chache baadaye, zikaja tena.

"Beni, samahani," alisema mwendeshaji wa Lubero, ambaye hakuna aliyemwita. "Hao Célestin na Désiré ni batoto ya nani? Banarudi-rudi sana."

Hewa nzima ikacheka. Nilimsikia Mama Kavugho akicheka, kicheko kifupi cha kooni, halafu akasema kwamba safari ya kwanza wanakwenda kufanya kazi na safari ya pili wanakwenda kufunga mlango, na kwamba Lubero anyamaze, essence inakwisha. Saa nane na dakika arobaini tulimaliza mstari wa kumi, ambao ulikuwa jina tu, jina la zamani la maktaba, herufi kwa herufi. Jenereta lilikuwa limeanza kukohoa. Masika aliandika njia nzima ya faili lile la false, kama alivyoagizwa, akaweka kidole juu ya Entrée, akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Akabonyeza.

Hakikutokea kitu. Hakuna neno lililoandikwa. Lakini Masika, ambaye hakuwa fundi wa mashine, aliandika amri ndogo ya kuonyesha mafaili, herufi mbili tu, na skrini ikajaa majina kutoka juu hadi chini, kama watu wanaotoka kanisani. Sikupiga kelele. Nilivuka ua nikiwa natembea, nikachukua kidude cha kusemea kutoka kwa Papa Paluku, na kumwambia Mama Kavugho, "Wasingya." Ndiyo asante ya Kinande.

Masika alichapisha orodha palepale, kwa ile programu ya zamani inayokata majina, na akayamalizia kwa kalamu jenereta likiwa limeshazimika, akiwa ameketi kwenye ngazi palipo na mwanga. Ijumaa asubuhi pickup iliondoka. Jumatatu, muuguzi wa Mutwanga alikuja hewani kabla ya watu wote na kusema wagonjwa wake wote tisa wamepata vifurushi vyao, hata wale wawili, na hakuna aliyekosa siku.

Nilingoja kufukuzwa kazi. Badala yake Mama Kavugho alikuja wiki tatu baadaye na mfuko wake wa ngozi, akala maharagwe pamoja nasi, akaniomba nimwonyeshe sheria nyekundu za ukutani. Alizisoma zote mbili hadi mwisho. Nilianza kuomba msamaha, akaninyamazisha kwa kiganja.

"Hii sheria iko muzuri, kwa kartoni. Lakini wewe ulitosha sahani wakati batu bako banakula."

Kisha akanikalisha kwenye kreti lile lile na kunionyesha, kwa mchana mzima, jinsi ya kuingiza maktaba mpya kando ya ile ya zamani na kugeuza jina kwa pigo moja, bila kuacha pengo. Hakutaja tena nilichofuta. Aliirudisha akiba mwenyewe, faili baada ya faili, na kwenye lile la mwisho akaniachia kiti nimalizie mimi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nafundisha, nilijifunza kwamba palikuwa na njia fupi kuliko ile. Ungeweza kuiambia mashine, kwa mstari mmoja, ibebe maktaba kutoka kwenye jina lake jipya. Wanaojua watakuwa wameshanicheka tangu ukurasa wa tatu. Nilisafiri hadi Beni kumwambia, nikidhani atasikitika kwa zile baiti zote. Alikuwa akichambua sombe mlangoni kwake. Alinirudishia ule mstari kwa mdomo mara mbili ili aushike, akauandika kwenye daftari la shule, na kusema, "Leo tunayuwa. Siku ile tulikuwa tunayuwa ile tu." Sijaona mtu mwingine aliyepokea habari ya njia fupi kwa furaha kama hiyo, bila hata kivuli cha aibu kwa ile ndefu.

Siku hizi vijana ninaowafundisha wanabishana. Wengine wanasema diski ni kubwa, kila programu ijibebee chake, tuachane na kuazima. Wengine wanasema hapana, kosa moja likitokea kwenye kitu kilichobebwa na programu mia, utatengeneza mara mia. Wote wana haki, nami huwaacha wabishane mpaka wachoke, maana mtu anajifunza akibisha. Sichagui upande, kama yeye ambavyo hakuchagua. Alikaa maisha yake yote akiazima kwa kila mtu na kumwazima kila mtu, na bado alijua ni vitu gani vichache ambavyo mtu lazima awe navyo mwenyewe.

Basi, kama una mashine ya Linux karibu, fanya hivi kabla ya siku kwisha. Andika ldd /bin/ls, usome majina yatakayotokea: hizo ni maktaba ambazo amri yako ndogo kabisa inaziazima. Kisha weka busybox ile ya statique, faili moja lenye amri za lazima zote ndani yake. Andika ldd na jina lake. Ukiambiwa kwamba si programu ya kuazima, umeipata iliyo sahihi. Iendeshe mara moja uone inajibu, na uiache mahali hapo.